Maggi katika sufuria: ladha ya nyama si nyama



Katika masoko yetu ya Masisi na Walikale hukosi kuona ile meza ndogo yenye chumvi, sabuni, nyanya za kopo, na vipande vidogo vya mraba vilivyofungwa katika karatasi ya kung'aa. Watu wote wanaviita Maggi, hata kama jina lililoandikwa juu ya karatasi ni Jumbo au jina lingine. Kinauzwa kimoja kimoja, kwa pesa ndogo, na ni nyumba chache sana ambazo hazikinunui.

Juu ya kipande hiki yanasemwa maneno mengi. Wengine wanasema ni sumu ya wazungu. Wengine wanasema kinamaliza nguvu za mwanaume. Wengine, kinyume chake, wanasema ni chakula chenye nguvu kwa sababu kina ladha ya nyama au ya kuku. Leo katika ukurasa huu wa usalama na afya tutaeleza kile kitu ni nini, na wapi hatari yake ilipo.

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Kitu kinacholeta utamu ndani ya kipande hiki si sumu. Mambo ya kuangalia ni mawili: kwanza ni chumvi nyingi iliyomo, pili ni kudhani kwamba mtoto amekula nyama, kumbe amekula ladha yake tu.

LADHA YA TANO

Zamani watu wa elimu walihesabu ladha nne: tamu ya sukari, chumvi, chungu na kali ya ndimu. Mwaka 1908 profesa mmoja wa Tokyo, nchini Japani, jina lake Kikunae Ikeda, alichunguza supu ya nchi yake inayopikwa kwa majani ya baharini yaitwayo kombu. Alitaka kujua kwa nini supu ile ni tamu ingawa haina sukari wala nyama. Akapata ndani ya majani yale kitu kinachoitwa glutamate. Ladha yake aliiita umami, na leo inahesabiwa kuwa ladha ya tano. Mwaka 1909 glutamate hiyo, iliyoungwa na sodiamu ili iwe rahisi kutumia, ilianza kuuzwa Japani kwa jina la Ajinomoto. Ni unga mweupe unaofanana na chumvi.

Tusidhani kwamba glutamate inapatikana katika viwanda tu. Imo katika nyanya iliyoiva, katika uyoga wa msituni, katika samaki wakavu, na katika jibini ya Masisi iliyokaa muda mrefu. Imo hata katika maziwa ya mama, tena kwa wingi kuliko katika maziwa ya ng'ombe. Bibi zetu waliotia unga wa samaki wakavu au uyoga mkavu ndani ya sombe walikuwa wakitafuta ladha hiyohiyo, ingawa hawakuijua kwa jina la Kijapani.

Siku hizi viwanda havitumii tena majani ya baharini. Tangu miaka ya 1950 Wajapani walivumbua njia ya kutumia vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyolishwa maji ya miwa, au wanga wa mahindi au wa muhogo, navyo vinatoa glutamate. Ni kazi ya kuchachusha, kama vile pombe inavyochachuka.

MAGGI ALIKUWA NANI?

Jina Maggi ni jina la mtu. Julius Maggi alikuwa mwenye kinu cha unga nchini Uswisi. Katika miaka ya 1880 wanawake wengi wa nchi ile walikuwa wakifanya kazi viwandani kutoka asubuhi hadi jioni. Hawakuwa na wakati wa kupika, na familia zao zilikula vibaya. Daktari Fridolin Schuler, aliyekuwa mkaguzi wa viwanda, alionyesha kwamba wafanyakazi wanakosa chakula cha kujenga mwili, na kwamba nyama ni ghali kwao. Basi Maggi akatengeneza unga wa njegere na maharagi, wa kupikwa haraka na kwa bei ndogo, na mwaka 1886 akatoa supu za pakiti. Kipande cha mraba tunachokijua kilikuja baadaye, mwaka 1908. Mwaka 1947 kampuni yake iliungana na Nestlé.

Tuliangalie vizuri jambo hili. Kitu cha kwanza alichokitoa Maggi kwa ajili ya wafanyakazi kilikuwa unga wa maharagi, yaani chakula cha kujenga mwili. Kipande cha ladha kilifuata nyuma. Katika nyumba nyingi za wachimbaji leo mambo yamegeuka: kipande kimebaki, na maharagi yamepungua.

KWA NINI KIMEFIKA HATA MSITUNI

Sababu si ngumu kuelewa. Kipande ni chepesi, hakiozi, hakivunjiki, na hakihitaji barafu. Tukumbuke Bisie, katika Walikale. Wachimbaji wa mikono walipokimbilia huko tangu mwaka 2002 hivi kutafuta kasiterite, hapakuwa na njia ya gari. Kila kitu kilipita msituni juu ya migongo ya wabebaji, na kila kilo iliongezeka bei njiani. Nyama mbichi haiwezi safari ya namna hiyo, wala maziwa, wala nyanya. Lakini mfuko mmoja wa vipande vya ladha unatosha watu wengi kwa siku nyingi. Baadaye njia ya gari ilifunguliwa, na mwaka 2019 mgodi wa kampuni ulianza kutoa bati, lakini desturi ya jikoni ilikwisha kuota mizizi.

Katika Masisi sababu ni nyingine kidogo. Nchi ile ni ya ng'ombe na majani mabichi. Lakini vita vya miaka ya 1990 viliteketeza sehemu kubwa ya mifugo, na vita vilivyorudi mwishoni mwa mwaka 2021 vilikimbiza familia nyingi kutoka mashamba yao. Mtu aliyezoea kukamua maziwa yake akajikuta ananunua kila kitu sokoni. Na mwenye pesa kidogo hununua kile kinachofanya bugali ipite kooni.

Kwa hiyo hatumlaumu mama anayetia kipande katika sufuria. Tunataka tu ajue anatia nini.

JE, NI SUMU?

Maneno kwamba glutamate ni sumu yana mwanzo wake. Mwezi wa nne mwaka 1968 daktari mmoja huko Marekani, Robert Ho Man Kwok, aliandika barua katika jarida la madaktari. Alisema kwamba akila katika mikahawa ya Kichina anasikia ganzi shingoni, unyonge na moyo kwenda mbio. Hakujua sababu. Alitaja mambo kadhaa yanayoweza kuwa chanzo: mchuzi wa soya, divai ya kupikia, chumvi, na glutamate. Watu wakashika lile la mwisho, wakasahau mengine, na habari ikazunguka dunia.

Baadaye watu wa elimu walijaribu jambo hilo kwa njia ya haki: waliwapa watu glutamate, na wengine wakapewa kitu kisicho na kazi, bila mtu kujua amepewa nini. Hawakupata ugonjwa unaorudi kila mara kwa wale waliopewa glutamate. Mwaka 1987 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na wa Shirika la Chakula na Kilimo waliichunguza, wakaona hapana sababu ya kuiwekea mpaka wa kula kwa siku. Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani walisema kwamba watu wachache wanaweza kusikia kichwa kuuma, joto la mwili au ganzi kwa muda mfupi, hasa wakimeza gramu 3 au zaidi kwa mara moja bila chakula. Mwaka 2017 wataalamu wa Ulaya waliweka kiasi cha tahadhari: miligramu 30 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni karibu gramu 2.

Kwa hiyo, mtu akisikia vibaya kila akila mchuzi wenye Maggi, aache, hapana ubishi. Lakini kwa wengi wetu glutamate ya kiasi cha jikoni haina madhara yaliyoonekana.

Na lile neno la nguvu za mwanaume? Hapana uchunguzi wa watu unaoonyesha kwamba kipande katika mchuzi kinamaliza nguvu hizo. Kinachojulikana kuziharibu ni tansio isiyotibiwa, sukari ya damu, pombe nyingi na tumbako. Mwanaume mwenye shida hiyo aende kwa daktari apimwe tansio, asikae nyumbani akigombana na mke wake juu ya Maggi.

Tuonye pia jambo lingine. Katika miji kadhaa ya Afrika wasichana wamedanganywa kwamba vipande hivi vikiingizwa mwilini kwa nyuma vinanenepesha makalio. Ni uwongo, na chumvi yake inachoma utumbo. Vimetengenezwa kwa kupikia tu.

CHUMVI: HAPA TUANGALIE SANA

Chukua karatasi ya kipande na kuisoma. Kwa sheria ya maandishi haya, kitu kilicho kingi kuliko vyote huandikwa kwanza. Mara nyingi utaona neno la kwanza ni « sel », yaani chumvi. Mbele kidogo utaona « glutamate monosodique » au « exhausteur de goût E621 »: ndiyo ile glutamate. Halafu hufuata wanga, mafuta, sukari, viungo na rangi. Nyama au kuku, kama wapo, huandikwa karibu na mwisho, na kiasi chao ni kidogo kabisa.

Katika vipande vingi, nusu ya uzito au zaidi ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hiyo ni chumvi yote: ya mchuzi, ya mkate, ya samaki na ya Maggi.

Tufanye hesabu. Mama anapika sufuria ya watu sita, anatia vipande viwili vya gramu 4. Chumvi iliyomo ni gramu 4 na kitu. Kila mtu anapata chini ya gramu moja. Kama hakuongeza chumvi nyingine nyingi, hapo hapana shida.

Sasa tumwangalie kijana anayekaa kambini peke yake. Anapika sufuria ndogo ya maharagi, anatia vipande viwili vilevile. Anaongeza chumvi kwa mkono, na kipande cha makayabu ambacho hakukiloweka. Katika chakula kimoja amekwisha kupita gramu 5. Akifanya hivyo kila siku kwa miaka kumi, mishipa yake ya damu ndiyo italipa.

Tansio haina kelele. Mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi bila kusikia kitu, kisha siku moja akaanguka, akapooza upande mmoja wa mwili, au moyo na figo zikachoka. Fikirini mtu huyo akiwa dereva wa kamio kwenye mteremko, au yuko juu ya ngazi shimoni, au ameshika mashine ya kutoboa mwamba. Ugonjwa wa mtu mmoja unageuka ajali ya watu wengi. Kwa sababu hiyo jambo la chumvi linaandikwa katika ukurasa wa usalama.

Wako wanaosema: « Sisi tunatoka jasho shimoni, jasho lina chumvi, lazima tuirudishe kwa Maggi. » Ni kweli jasho linatoa chumvi. Lakini chakula chetu cha kawaida kinarudisha chumvi hiyo bila kuongeza. Kinachokosekana mara nyingi ni maji. Nenda kazini na maji safi, kunywa kidogo kidogo kabla ya kiu kukushika, na usile kipande kikavu kama bonbon. Na mtu anayetapika au kuharisha asipewe supu ya Maggi badala ya dawa. Apewe maji ya chumvi na sukari ya kituo cha afya. Kama hayapo, changanya katika lita moja ya maji safi vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikisawazishwa, na mpeleke mgonjwa kituoni upesi.

Chumvi ina wema wake pia. Nchi yetu ya milima ina iodi kidogo katika udongo. Katika kisiwa cha Idjwi, hapo ziwani Kivu, madaktari wa miaka ya 1960 walikuta watu wengi mno wenye uvimbe wa shingo, yaani goita. Mama mwenye mimba akikosa iodi, akili ya mtoto inaumia. Kwa hiyo tumia chumvi yenye iodi, iliyoandikwa « sel iodé », iweke katika chombo kilichofunikwa, na itumie kwa kiasi.

BWAKI HAIDANGANYIKI

Tufike sasa kwa watoto. Sote katika Kivu tunajua bwaki. Madaktari wanaiita kwashiorkor, neno lililotoka Ghana, ambako Daktari Cicely Williams aliueleza ugonjwa huo katika miaka ya 1930. Mara nyingi unamshika mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Miguu inavimba, uso unavimba, nywele zinakuwa nyekundu na nyepesi, ngozi inabambuka. Mtoto hachezi tena na anakataa chakula. Leo madaktari wanajua kwamba surua, kuhara, minyoo na malaria vinachangia. Lakini mlango mkubwa ni chakula cha aina moja tu, kila siku.

Hapa kipande cha ladha kinaweza kumdanganya mama. Anapika bugali ya muhogo na sombe, anatia kipande chenye picha ya kuku. Mtoto anakula kwa hamu, anashiba, na nyumba nzima inanukia kuku. Lakini unga wa muhogo karibu hauna protini, na protini ya kipande kizima cha gramu 4 haifiki gramu moja, tena inagawanywa kwa watu sita. Ulimi umeridhika, lakini mwili wa mtoto haukupata kitu cha kutosha cha kujengea.

Linganisheni na hivi. Konzi moja ya karanga, gramu 30 hivi, ina karibu gramu 7 za protini. Gramu 100 za maharagi makavu zina gramu 20 na zaidi. Sambaza wakavu wa ziwa Kivu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Wachache wakitwangwa na kutiwa katika uji au sombe, vinaleta vitu viwili pamoja: ladha ileile ya tano, na chakula chenyewe.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hahitaji Maggi wala chumvi katika uji wake. Figo zake bado ni changa.

SHAURI LETU

1. Ukitia Maggi, punguza chumvi. Kipande kiingie mahali pa chumvi, kisiongezwe juu yake. Onja kwanza.

2. Sufuria ya familia, kipande kimoja au viwili vya gramu 4 vinatosha. Angalia uzito, maana kuna vipande vikubwa vya gramu 10.

3. Makayabu yaloweke usiku, na kumwaga maji yake kabla ya kupika.

4. Tafuta utamu kwanza katika nyanya iliyoiva, kitunguu, uyoga mnaoujua vizuri, karanga zilizotwangwa na sambaza wakavu.

5. Pesa ya vipande vitatu, toa moja, zile zingine nunua karanga au maharagi ya mtoto. Fanya hivyo kila siku ya soko.

6. Mwenye tansio, mwenye ugonjwa wa figo, na mama mwenye mimba ambaye miguu inavimba, wamwulize daktari juu ya chumvi, wasingoje.

7. Kila mfanyakazi apimwe tansio walau mara moja kwa mwaka, hata kama hasikii ugonjwa wowote.

8. Mtoto akianza kuvimba miguu, usingoje nywele zibadilike. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Bwaki inayowahiwa inapona.

Ndugu wafanyakazi, someni ukurasa huu pamoja na wake zenu na watoto wanaosoma shule. Leo jioni, kabla ya karatasi ya kipande kutupwa motoni, mpeni mtoto aisome kwa sauti: neno la kwanza ni lipi? Halafu angalieni ndani ya sufuria kama kuna kitu kingine zaidi ya ladha.